Mashahidi Wawili wa Wimbo wa Mama

Kwetu, nyanda za juu za Kenya, sisi ni Wayahudi wachache wenye sinagogi la mabati. Nikisema hivyo hapa Muscat watu hudhani natania, kwa hiyo sisemi. Kwenye duka la dobi ninakofanya kazi, huku mtaa wa Ghala kwenye magereji na maghala, wananichukulia kuwa Mkristo mwenye maringo, asiyegusa nguruwe na anayesumbua watu kubadilishana zamu kila Jumamosi.

Habari ya wimbo wa mama niliipatia hapo hapo kazini. Mwenzangu, Mkenya pia, alikuwa akichezea simu wakati wa mapumziko, akaniita.

"Hebu kuja uone. Si hii ni ile wimbo yako ya kupiga pasi?"

Ndiyo yenyewe. Kwaya ya sinagogi moja la ng'ambo, watu wamependeza, wanaimba zaburi ya kuikaribisha Sabato Ijumaa jioni kwa mahadhi aliyoyatunga mama yangu akipalilia maharagwe. Wameiga hata pale sauti inaposhuka ghafla, na inashuka kwa sababu mama alikuwa na pumzi fupi. Chini wameandika: wimbo wa jadi wa Afrika. Kisha jina la bwana aliyeupangia sauti za kwaya, na kwamba haki zote zimehifadhiwa. Nilichukia sana. Jadi gani? Mama alikuwa hai, yuko kitandani, ana uvimbe tumboni ambao daktari alishaacha kuuzungumzia.

Nilipompigia kumweleza, hakukasirika kama mimi. Alisema, "Nataka kitu kimoja tu. Ijumaa, kabla hawajauimba, waseme ni wangu. Nisikie kabla sijaondoka."

Nikamwandikia yule bwana, tena kwa ukali. Alijibu kwa adabu kuliko nilivyostahili. Wageni waliokuja kurekodi nyimbo kwetu waliambiwa ni wimbo wa jamii nzima, naye akaamini. Alikuwa tayari kuandika jina la mama kila mahali na kumwomba ruhusa yeye mwenyewe. Alihitaji tu neno moja kutoka kwa kiongozi wa sinagogi letu kwamba ndivyo ilivyo. Nikampelekea kiongozi ujumbe, nikaona mambo yamekwisha.

Kiongozi wetu akanipigia. "Binti yangu, haki ya mtu haithibitishwi hivi hivi. Lazima wapatikane mashahidi wawili walioona."

"Wapo, baba. Kina mama waliopalilia naye. Walimsikia akiutunga, na wote wazima."

"Wanaume," akasema.

Hiyo ni sheria ya mahakama zetu za kale, ya kesi nzito. Bwana wa ng'ambo hakuomba mahakama. Lakini watu wetu wameambiwa mara nyingi na Wayahudi wa nje kwamba wao si Wayahudi kamili, na sasa wanaogopa kukosea sheria kuliko wanavyoogopa kumdhulumu mtu. Wakaitisha kikao. Wakamtafuta mwanamume aliyekuwa kwenye lile shamba la maharagwe, wakaahirisha, wakatafuta tena. Palizi kwetu ni kazi ya wanawake, na kila aliyekaa kwenye kikao kile alilijua hilo. Hao hao hawawezi kusoma fundisho moja bila kumtaja mwalimu aliyelisema, na aliyelisikia kwake, na mwingine nyuma yake, watu waliokufa zamani sana. Kumtaja mama yangu wakaona ni mzigo.

Siku moja niliunguza dishdasha, ile kanzu ya Kiomani, ya mteja. Mwenye duka, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, akaniuliza, "We mwanangu, una nini leo?" Nikamweleza yote, hata dini.

"Mie nna umri huu, wallahi sijapata kusikia. Mtu katunga wimbo wake, kisha atafutiwe mashahidi kama mwizi? Hiyo dhulma." Ile dishdasha hakuitaja tena.

Mama alikuwa akiniuliza kila nikipiga. "Wamesema?" Nami nasema, "Bado, mama." Baadaye akaacha kuuliza, na hilo liliniuma zaidi.

Alifariki kikao hakijaamua. Kwetu tunazika upesi, ndege nisingeiwahi. Binamu yangu alinipigia simu ya video pale kaburini, nikaona mazishi nimesimama katikati ya magunia ya mashuka ya hoteli. Walipomaliza kufukia, kiongozi akasema, "Sasa tumuage mama yetu kwa wimbo tulioachiwa na wazee wetu," kisha akauanzisha wimbo ule ule wa mama.

Wale kina mama wa palizi walikuwepo, nawaona, wanaimba huku wanalia. Hakuna aliyefungua mdomo kumsahihisha. Nikapiga kelele kwenye simu kwamba ni wake, ni wake mwenyewe, mpaka wenzangu wakaacha mashine wakaja kunishika. Kule waliendelea kuimba. Binamu yangu alikuwa ameizima sauti yangu, nisije nikavuruga maziko.