Faili Nililolikalia

Nimekosa. Nianze hapo, nisije nikazunguka nikaishia kumlaumu bosi, au shetani, au umaskini. Sikuwa maskini. Shetani simjui kwa sura. Bosi alinishawishi tu. Mkono uliosaini ni huu ninaoandikia.

Mimi ni mzee mwenye wajukuu, nakaa Area D hapa Dodoma, na elimu yangu ni kidato cha nne. Jina silitaji. Si kwa woga. Ni jina la baba yetu, na dada yangu analitumia pia. Yeye hana kosa lolote katika uchafu huu.

Karibu maisha yangu yote ya kazi nilikuwa masjala, katika kampuni moja ya bima. Watu wa masjala ndio tunaotunza mafaili. Mimi nilikuwa natambulika kwa jambo moja: faili likipita kwangu halipotei. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza barua fulani iko wapi, ningekwambia rafu ya ngapi. Kumbukeni hilo, maana ndilo linalonichefua zaidi.

Nilipostaafu nikaanza kunyauka. Asubuhi navaa shati, nachomekea, halafu sina pa kwenda! Mke wangu akiwa hai alikuwa akinicheka: "Baba fulani, unamwagia bustani maji umevaa viatu vya ofisini?"

Siku moja bosi akanipigia simu. Ni kijana kwangu, umri wa mwanangu wa kwanza, lakini ndiye aliyekuwa mkubwa pale. Akanikaribisha chai ofisini kwake.

"Mzee wangu, tunaanzisha mfuko wa uwekezaji. Tunataka mwenyekiti wa wadhamini. Mtu mzima, mwenye heshima zake, asiye mwajiriwa wetu."

Nikamwambia mimi mambo ya uwekezaji siyajui.

"Huna haja ya kuyajua. Kazi yako ni kuamua."

"Kuamua nini?"

"Cha kuamua tutakuletea."

Nikacheka. Loo, nilicheka! Nilidhani ni mzaha wa kijana mchangamfu. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe, imeelezwa yote kwa maneno matatu.

Niwaeleze jinsi mchezo ulivyokuwa, maana ni mwepesi kuliko unavyosikika. Kampuni ya bima hupokea michango ya watu leo ili iwalipe wao au warithi wao miaka ijayo. Katikati hapo huziwekeza zile fedha. Kampuni yetu ilizipeleka katika mfuko huo wa pembeni, wenye katiba yake, ofisi yake na muhuri wake, nao ukajenga mabweni ya kupangisha wanafunzi. Ili kuyamaliza, mfuko ukakopa benki.

Sasa kanuni za hesabu huuliza: nani anautawala mfuko? Kama ni kampuni, madeni yote ya mfuko yaingie katika vitabu vya kampuni, kila mtu ayaone. Kama anautawala mtu mwingine aliye huru, kampuni huandika kwa kifupi kwamba ina sehemu yake pale, basi. Na hata hapo ni lazima iseme wazi kama imeahidi kuubeba mfuko siku ukianguka.

Huyo mtu mwingine aliye huru nilikuwa mimi. Ptuu!

Nilipewa chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kadi zenye jina langu, na kiti cha kuzunguka. Jamani, kile kiti! Nilikuwa nikibaki peke yangu najizungusha kama mtoto. Mgongo wangu ulikuwa unauma, basi nikaweka juu yake mto niliotoka nao nyumbani, mto wa marehemu mke wangu alioufuma mwenyewe.

Kila baada ya wiki kadhaa dereva wa kampuni alileta karatasi. Penye kusainiwa pamewekwa alama ya penseli. Nasaini, napiga muhuri, dereva anaondoka. Huo ndio ulikuwa uamuzi wangu.

Kisha ikaja barua moja. Niliisoma kwa sababu mtu wa masjala hawezi kuacha kusoma. Ilitoka kwa bosi kwenda benki, nakala kwetu. Ilisema kwamba mfuko ukishindwa kulipa mkopo, kampuni ya bima italipa wote. Dereva akaniambia, "Bosi amesema hii iwe ya kwako tu, mzee."

Niliielewa! Asije mtu akasema mzee wa kidato cha nne alidanganywa. Ile barua ilikuwa inasema kwamba michango ya wajane na walimu wastaafu imewekwa rehani chini ya mabweni. Nikaifungulia faili lake, nikaandika namba kwa mwandiko wangu mzuri. Tabia ya kazi.

Wakati wa ukaguzi bosi akapiga simu. "Mzee wangu, kesho atakuja binti wa wakaguzi. Mwambie unaamua mwenyewe. Lile faili asilione."

Ningeweza kusema hapana. Sikupigwa, sikutishwa. Niliogopa kurudi kumwagia bustani maji nimevaa viatu vya ofisini. Ndiyo hofu yenyewe hiyo. Inatia kichefuchefu hata kuiandika.

Chumba kilikuwa na kabati moja tu, bila kufuli. Niliposikia viatu vyake ngazini nikalitoa faili, nikaliweka kitini, nikalifunika kwa mto wa mke wangu, nikakaa juu yake.

Akaingia binti mwembamba, kajitanda mtandio, begi begani. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mwenyeji wa wapi?"

"Kondoa, babu."

"Aa, basi umefika nyumbani. Kondoa na sisi ni mlango na ua."

Akatabasamu, akafungua daftari. Maswali yake yalikuwa makali kuliko sura yake.

"Babu, ukiamua leo bweni moja liuzwe, utaweza kuliuza bila kuuliza kampuni?"

"Nitauza. Mimi ndiye mwenyekiti."

"Na kampuni imewahi kuahidi kuubeba mfuko ukikwama?"

"Haijawahi."

Kalamu yake ikasimama. Akaniangalia, akaangalia kabati. "Naweza kuona mafaili yote?"

Nikajifanya nataka kunyanyuka, nikaguna, nikashika kiuno. Mwigizaji mchafu!

"Hapana, hapana, kaa babu, usiinuke. Nitatazama mwenyewe."

Akatazama kabati lote, faili baada ya faili. Akaniaga kwa adabu ileile aliyoingia nayo. Nami nikabaki pale, joto la faili chini yangu, nikijisifu kwamba nimemweza msomi.

Hesabu zikatoka gazetini. Na hapa ndipo anapoingia shemeji yangu, mume wa dada yangu, mwalimu mstaafu wa Kongwa. Alikuwa na bima ya maisha katika kampuni ileile. Mimi ndiye niliyemwingiza, zamani nikiwa masjala, kwa maneno matamu ya "shemeji, pale ni nyumbani." Yeye alikuwa msomaji wa magazeti hadi matangazo ya mwisho. Akanipigia.

"Shemeji, nimeona maandishi madogo huku chini. Wanasema wana sehemu katika mfuko fulani lakini hawautawali. Sasa anayeutawala ni nani? Unajua sisi watu wa Kongwa tulishaletewa mradi wa karanga na wakubwa wasioujua udongo. Tangu hapo nauliza: mwenye uamuzi nani?"

Nikacheka kwa majivuno. "Mwenye uamuzi unaongea naye!"

"Acha utani!"

"Mimi ndiye mwenyekiti, shemeji. Lala usingizi."

"Ah! Kama ni wewe, basi nimemaliza."

Alikuwa anafikiria kuvunja ile bima achukue chake. Hakuvunja. Aliiongezea, akatia ndani na sehemu ya kiinua mgongo chake. Kwa neno langu tu.

Halafu figo zake zikaharibika. Akawa anakuja Dodoma kusafishwa damu mara kwa mara. Akiba ikaisha, akakopa kwenye ushirika, akaweka rehani shamba lao la alizeti, ekari walizofyeka wenyewe walipooana. Dada hakutaka. Shemeji akamwambia mbele yangu: "Mama, usiogope. Nikifa, bima italipa deni na shamba litabaki kwako. Kaka yako yupo pale."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikunywa. Nilikunywa chai!

Mabweni yakakosa wapangaji, mfuko ukashindwa kulipa, benki ikatoa ile barua na kuidai kampuni. Kampuni haikuwa na kitu cha kutosha. Mamlaka ya kusimamia bima ikafunga ofisi, ikabandika karatasi mlangoni. Shemeji akafariki wakati huohuo, kabla habari haijafika Kongwa, na alikufa akiwa na amani. Hilo watu hunipa kama faraja. Kwangu ni matapishi. Amani yake ilikuwa uongo wangu.

Arobaini ilipopita dada akaja kwangu, bahasha ya kaki kifuani. Alikuwa ametokea kwenye ofisi iliyofungwa. Akakaa, akaipanga ile bima mezani, cheti cha kifo, kitambulisho, kila kitu kimenyooshwa kwa kiganja.

"Kaka, pale wamefunga. Mlinzi anasema hailipwi mpaka watu wa serikali wahakiki, na labda kitapatikana kidogo, labda hakuna. Ushirika wamenipa hadi mavuno. Lakini shemeji yako alinieleza kwamba fedha ziko kwenye mfuko, na mwenye uamuzi ni wewe." Akanisogezea zile karatasi. "Amua basi."

Nilitamani sakafu inimeze.

"Dada, mimi sina uamuzi."

"Wamekutoa?"

"Hapana."

"Basi huna tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Hakuelewa. Ikabidi nimweleze yote: alama za penseli, barua, binti wa Kondoa, faili chini ya mto. Nilipofika kwenye mto aliinua mkono ninyamaze.

"Mto wa wifi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakulia, hakunitukana. Alikusanya karatasi zake moja moja. Nikamwambia shamba likienda aje akae kwangu, chumba kipo. Akasema, "Chumba sitaki, kaka. Nataka uwaambie watu. Wote. Mimi sijui kusoma vizuri, nitasomewa na binti yangu. Nikisomewa nisikie umejitetea, usikanyage kwangu."

Shamba lilikwenda. Niliuza kiwanja changu kujaribu kulikomboa, hakikutosha. Kilipunguza deni tu. Leo dada yangu, mwanamke aliyeheshimika Kongwa, anapalilia kwa kibarua katika ekari zilizokuwa zake. Mwenye shamba mpya humpa mistari ya kupalilia. Mistari aliyoichora yeye!

Lile faili nililipeleka mwenyewe kwa wachunguzi. Msinisifu; nilichelewa hadi halikuwa na wa kumwokoa. Huko kwenye korido nikamkuta yule binti wa Kondoa. Ameitwa kujieleza. Kazi alishapoteza, kwa ukaguzi mbovu. Akaniona. Akapiga goti kidogo, kama siku ile.

"Shikamoo babu."

Ilishindikana kuitikia. Nikamwomba radhi, nikamwambia faili lilikuwa wapi.

"Nilijua, babu," akasema polepole. "Mto ulikuwa umeinuka upande mmoja, na kona ya karatasi inaonekana. Nikasema moyoni, nimwambie babu asimame? Mtu mzima, mgonjwa wa kiuno? Nikaona aibu."

Yeye ndiye aliyeona aibu! Mimi niliyekalia uovu nilikuwa mkavu kama jiwe, na mtoto wa watu akaibeba aibu yangu, ikamgharimu kazi.

Wazee wenzangu, mkiitwa kuwa wenyeviti wa vitu msivyovitawala, jueni kwamba hawajawaita kwa busara zenu. Wamekuja kuazima mvi. Wanajua katika nchi hii kijana hamsogezi mzee kitini. Kataeni. Mwagieni bustani zenu maji, hata kwa viatu vya ofisini.

Nanyi mnaolipa bima, msiruke yale maandishi madogo kama wanavyofanya wajinga. Shemeji yangu hakuyaruka. Aliuliza swali lenyewe, ila alimuuliza mwongo.

Na ninyi wakaguzi vijana, msituvunjie heshima. Mwamkieni mzee, shikamoo ni haki yake. Akishaitikia marahaba, mwambieni ainuke.