Ndiyo ya Mume Wangu

Nimechoka kuisimulia habari hii, lakini wajukuu hawaachi kuuliza kwa nini babu yao, mpaka anakufa, alikuwa hasemi "ndiyo". Haya, sikilizeni, halafu mniache nipumzike.

Mwingereza angali anatawala, kimbunga kilipita Newala kikaangusha mikorosho ovyo. Nyumba yetu kule Makote ilibaki kuta tupu. Asubuhi tukakuta bati moja limeanguka kwenye muhogo wetu, limeruka kutoka ghala la serikali. Mume wangu akalilaza juu ya kuta, watoto wapate pa kujibanza, akamwambia jumbe waziwazi kwamba mvua ikikatika atalirudisha. Jumbe akasema sawa. Askari waliopita kukusanya mabati hawakutaka kujua sawa ya nani. Wakamfunga mikono, wakampeleka bomani kwa wizi.

Kesi kama ile ilikuwa ya liwali, ambaye Kiswahili ni chake. Lakini liwali alikuwa amekwama Masasi, barabara ya kupandia huku kwetu imeporomoka. Akaketi bwana shauri mwenyewe, kijana wa Kiingereza, mgeni, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, Kiswahili kakipata kitabuni. Mimi nilikaa nyuma na wanawake wengine. Jumbe, shahidi wetu, alingoja nje.

"Hukuiba bati hili?"

"Ndiyo, bwana."

"Ndiyo?"

"Ndiyo kabisa, bwana."

Nikashusha pumzi. Kwetu sisi, ukiulizwa "hukuiba?" ukajibu "ndiyo", maana yake ni kweli, sikuiba. Mtoto anayenyonya anajua hilo! Bwana shauri akaandika, akainua uso, akasema miezi sita.

Niliruka. "Ya nini? Si amekataa!"

"Kaa chini, mama," askari akaninong'oneza. "Amekiri mwenyewe."

"Amekiri nini, wewe? Wewe si Mmakonde mwenzetu? Mwambie!"

Akatazama viatu vyake. Jumbe hata hakuitwa, maana aliyekiri hahitaji shahidi. Hasira ile ninayo mpaka leo, sema sina tena nguvu ya kuibeba.

Nikaambiwa rufaa ipo, ni haki yetu, ila karatasi zitashuka Masasi barabara ikifunguka. Na barabara ilitengenezwa na nani? Wafungwa. Mume wangu alivunja mawe ya barabara ile ile iliyongojewa na rufaa yake. Gari la kwanza lilipopita, kifungo nacho kilikuwa kimekwisha. Sikupeleka karatasi yoyote. Ya nini tena?

Alirudi jioni, amekonda, mikono imechubuka. Nikampakulia ugali.

"Pole, baba watoto. Hujala tangu asubuhi?"

Akafumbua kinywa. Nililiona neno linakuja, nikamwona analimeza.

"Sijala," akasema. Kisha akageuka kutazama mlangoni, kuona kama kuna mtu anaandika.