Nilipanga kabureta ya gari la marehemu papa, tonton akapanda na jiwe mapajani

Wakuu, salamu kutoka Bukavu. Nawaletea hili kama lilivyotokea, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Marehemu papa, baba yangu, alituachia gari la zamani, la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ndilo linalopandisha magunia ya maharage ya maman hadi soko la Kadutu. Mwezi uliopita likaanza kuzimika mlimani. Fundi aliigusa kabureta mara tatu, na mara tatu likazimika palepale.

Tonton, mdogo wake papa, akatafuta mnunuzi wa vyuma chakavu. "Samedi atakuya kuibeba," akasema, yaani Jumamosi.

Nikamwomba aningoje hadi Ijumaa, nitalitengeneza mwenyewe. Akacheka. "Weye mwanamuke, ulijifunzaka wapi mambo ya kabureta?"

Kwa papa, wakuu. Niliumia, ila nikaenda kufungua boneti.

Kabureta hii ina kioo kidogo ubavuni. Petroli ndani inapaswa kufika katikati ya kioo. Fundi alikuwa ameipanga hivyo hivyo, gari likiwa kwenye gereji yake.

Na gereji yake iko wapi? Mlimani, kama nusu ya mji wetu. Gari pua juu, petroli imelalia upande wa kioo, kioo kinadanganya kwamba inatosha. Kosa la Bukavu hilo. Tumezoea miinuko hadi hatuioni tena.

Nikalipeleka uwanja wa parokia, penye tambarare. Petroli ilikuwa chini sana kwenye kioo. Nikafungua, nikarekebisha boya linaloruhusu petroli kuingia hadi ikafika katikati ya kioo, nikaacha injini ipate moto, ndipo nikagusa skrubu ya hewa, robo kwa robo, hadi mngurumo ukatulia.

Ijumaa tukapakia magunia. Tonton akakaa mbele na jiwe mapajani. Ndiyo kawaida yetu huku: gari likizimika, abiria anaruka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, lisiteremke.

Kona ya kwanza akashika mlango. Kona ya pili pia. Gari halikukohoa hata mara moja.

Tulipofika sokoni alikuwa bado amelikumbatia jiwe.

"Tonton, shuka na jibwe yako," nikamwambia. "Samedi ni iyo utamupatia ule mutu wa vyuma."

Somo: panga kabureta mahali tambarare, injini ikiwa ya moto, usiamini kioo kilichoinama. Na anayeona mwanamke hawezi, aandike hapa chini. Mimi nipo, na gari lipo.