Sakafu Yetu ya Darasa la Tatu

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini kwetu Guta, kando ya ziwa, kwenye msiba wa shangazi, na jioni nikaona nichepuke niitazame shule niliyoanzia. Usinicheke, msomaji wangu: nilipita mahali penyewe mara mbili bila kupajua. Palikuwa na shamba la mihogo. Shule ilishahamishiwa barabarani siku nyingi, na kuta zetu za udongo mvua imezimaliza.

Tulisoma hapo miaka ile ya shida, sabuni haionekani, saruji mpaka uwe na kibali. Sakafu ilikuwa ya udongo, na kila Ijumaa sisi wasichana tuliisiriba kwa mavi mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu. Tulipiga magoti, kila mmoja na kipande chake. Nyumbani kwetu walikuwa wavuvi, hatukuwa na hata ndama, hivyo nilimpelekea jirani yangu wa darasani furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, naye akanigawia mavi ya zizini kwao. Mwalimu wetu alimtambua kila mtu kwa alama za vidole vyake sakafuni. "Huyu anaibembeleza," alisema juu ya kipande changu, "na huyu anaichapa." Aliyeichapa ni yule jirani yangu. Ikishakauka ilinukia, naam, nasema ilinukia, na tulikaa chini pale pale kuandika.

Baadaye nikachukuliwa na mjomba kwenda kusoma Musoma mjini, Nyakato. Nilipowasimulia wasichana wa huko habari za Ijumaa zetu, waliziba pua. Tangu siku hiyo nikafunga mdomo. Ukubwani, nilipoanza kuandika hadithi, kila shule niliyoiandika niliiwekea sakafu ya saruji. Madawati pia, wala sikufanya ubahili. Wakati huo maduka yalikuwa yamejaa kila kitu, nami nikajenga nitakavyo. Wanangu wanaijua shule hiyo tu. Na nikueleze ukweli unaonitisha: siku hizi hata mimi nikifumba macho naiona saruji.

Niliporudi msibani kutoka kwenye ile mihogo, nilimkuta yule jirani yangu wa darasani akipakua ugali. Sasa ni bibi wa watu. Tulikumbatiana, tukacheka, kisha akaniambia mjukuu wake amemsomea kitabu changu. Nikatabasamu, nikingoja sifa.

"Umeiandika shule yetu," akasema. "Nzuri kweli, ina saruji kama ya mjini. Sasa mimi nilikuwaga wapi humo?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza huku akinijazia sahani, kama mtu anayetaka tu kujua. Shule ya saruji haimhitaji msichana mwenye ng'ombe. Haihitaji mikono yake, wala yangu, wala mwalimu wa kuzitambua alama zetu. Kwa kupotea kwa shule yetu nimelilaumu jua, nikailaumu mvua, nikawalaumu waliohamisha shule. Lakini yeye hakumalizwa na mvua. Yeye nilimtoa mimi, kwa mkono wangu huu ninaoandikia.