Leso ya Mama Mgongoni mwa Baba

Kila nikijaribu kuandika hadithi ya familia ya wafugaji yenye matatizo, baba hunitokea mkali, ana kiboko mkononi, hacheki. Wanaosoma huniambia, "Huyu mzee ni mbaya sana!" Nami hukasirika, utadhani si mimi niliyemwandika hivyo. Acha leo nimseme alivyokuwa.

Tulikaa kijiji cha Nuu, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Ng'ombe walikuwa wa baba, isipokuwa mmoja mwekundu ambaye mama alipewa na mama yake. Huyo alizaa ndama jike aliyekua akawa mtamba mzuri ajabu, na siku moja baba akaenda akampa kaka yake huyo mtamba bila kumuuliza mama. Alifanya tu, kama anayegawa mahindi. Mama hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mchanga mgongoni, akavuka kilima kwenda kwao, akaniacha na ndugu zangu wawili wadogo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliogopa kwamba hatarudi tena.

Yule ng'ombe mwekundu naye, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa na ndama mchanga na maziwa wakati huo, akagoma. Ndama akiondolewa tu, maziwa anazuia. Mimi alinipiga teke, kibuyu kikapasuka. Shangazi alikuja na maringo yake, akaondoka akichechemea. Baba naye alijaribu, akapigwa teke la mguu. Siku tatu mdogo wangu wa mwisho pale nyumbani alikunywa uji mtupu akilia.

Siku ya nne asubuhi nilikwenda bomani nikasimama, mdomo wazi. Baba, mwanamume ambaye hata sufuria hakuwahi kuinua, alikuwa amejitanda leso ya mama, ile ya maua mekundu, na kitambaa chake cha kichwa. Alichuchumaa akiimba. Woi! Ule wimbo wa Kikamba ambao mama humwimbia ng'ombe akikamua, baba alikuwa anaujua!

"Ukicheka utanitambua," alisema bila kugeuka.

Sikucheka. Maziwa yalikuwa yanashuka.

"Na usimwambie mtu."

Mtu? Mimi nilivuka kilima mbio siku hiyohiyo. Mama alikuwa anapepeta mtama. Nilipomwambia alicheka hadi akaketi chini, halafu akajifuta macho na kuniuliza, "Na mtamba wangu?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi rudi nyumbani, mtoto. Umpikie mdogo wako."

Nilirudi nikilia njia nzima. Nilimchukia baba, nikamchukia mama pia, Mungu anisamehe. Baba hakuwepo. Alirudi jua likishuka, amechoka, mguu wenye alama ya teke anauburuta, na mbele yake mtamba wa mama. Nasikia kaka yake alimtukana mbele ya watu, kwamba kitu kikishatolewa hakirudishwi. Baba alimfungia mtamba bomani, akaomba maji ya kunywa.

Asubuhi alivaa leso tena. Nilimshikia ndama, naye akaanza kuimba, "Nipe yote, mwenzangu, nipe yote..."

"Hapo umekosea."

Mama alikuwa nje ya boma, mtoto mgongoni, miguu imelowa umande. Alikuwa ametoka kwao kabla hakujapambazuka, wala habari za mtamba kurudishwa hakuwa nazo. Nikamwachilia ndama.

"Ni nipe kidogo," mama alisema. "Nipe kidogo, mwenzangu, kingine umwachie mwanao. Wewe siku zote unataka yote."

Baba hakusimama. Alibaki amechuchumaa na kitambaa cha mama kichwani, anatazama kibuyu.

"Basi njoo uimbe mwenyewe," alisema polepole. "Miaka yote hii nalala hapo ndani nikikusikiliza. Nilidhani nimeushika wote."

Ndipo mama alipomwona mtamba. Alimwendea, akampapasa masikio. Kisha akanipa mtoto nimbebe, akachuchumaa kando ya baba, akachukua kibuyu. Aliimba mstari, akangoja. Baba akaurudia vizuri. Kidogo, si yote.

Neno samahani sikulisikia kwa baba siku hiyo, wala siku nyingine yoyote hadi tulipomzika. Maziwa yalipokwisha, baba alianza kufungua leso haraka haraka, maana watu walikuwa wameanza kupita njiani. Ilikuwa imejaa samadi.

"Baba watoto," mama alisema, "hiyo utaifua mwenyewe."

Akaifua. Mimi ndiye niliyemchotea maji.