Dhahabu Chini ya Bembea

Jeshini kazi yangu ilikuwa mashine ya kutafutia mabomu ya ardhini, lakini Kampala hapakuwa na bomu. Wahindi walipofukuzwa, afande wangu alinipeleka kwenye nyumba zao chini ya kilima cha Lubaga, tutafute dhahabu waliyoifukia. Kazi ya kipuuzi! Wenzangu walikuwa wameshachimbua kila bustani. Nami, masikio yakiwa yamezibwa na vifaa vya mashine, sikusikia sauti ya mtu siku nzima, ila mlio wa mashine kila ilipopita juu ya misumari na vizibo vya soda.

Uani kwenye nyumba moja palikuwa na bembea ya chuma. Mashine ilipiga kelele kila ilipoikaribia, kwa hiyo walionitangulia waliipita tu. Niliing'oa, nikaisogeza mbali, nikasikiliza tena. Mashine ikalia, nikavua vifaa vya masikioni.

"Mashine nasema nini?" afande aliuliza kwa Kiswahili chetu cha kambini.

"Nasema chimba, afande."

Tulitoa bangili ya dhahabu ya mkono wa mtoto, ndani ya soksi iliyokazwa mafundo. Afande aliitia mfukoni, akaniuliza mbona sicheki.

Alipokwenda garini, nilifukia shimo, nikairudisha bembea palepale, ili mwenye soksi akirudi apatambue mahali.