Mwaka Mihogo ya Dilala Ilipokunjamana

Harufu ya muhogo uliolowekwa ndiyo iliyonijulisha kwamba kampuni imekufa. Kabla ya hapo mtaa wetu wa Dilala, katika mji wa migodi wa Kolwezi, Katanga, ulinuka makaa, sabuni ya mche na ule moshi mchungu wa kiwandani ulioshika koo alfajiri. Kampuni ya mgodi iliwapa wafanyakazi wake unga wa mahindi kwa gunia, na sisi watoto tuliamini kwamba unga hutoka kwa kampuni kama vile mvua inavyotoka mbinguni. Kisha mgodi mmoja mkubwa ukaporomoka, mishahara ikachelewa mpaka watu wakachoka kuiulizia, na magunia hayakuja tena. Ndipo mapipa ya kulowekea muhogo yakajitokeza nyuma ya kila nyumba, na uchachu wake ukaingia hadi kwenye nguo za misa. Mabibi waliokuwa wakijivunia maua yao ya mbele ya nyumba waliyang'oa wakapanda mihogo. Hata kiwanja cha mpira kililimwa, goli moja likabaki limesimama katikati ya shamba la mtu. Tulikuwa watu wa mjini waliokuwa wakicheka wanakijiji, na sasa tulikuwa tukigombania jembe.

Baba yangu, ambaye kama watoto wote wa kwetu nilimwita Tata, alifundisha biolojia katika shule ya sekondari. Babu yangu alikuwa ameletwa Kolwezi kutoka mkoa wa Kasai ili afanye kazi mgodini, na Tata akazaliwa hapo hapo, akakua hapo, asiijue Kasai hata kwa picha. Mama ni Mlunda wa Kapanga, kutoka vijiji vya karibu na Musumba, yaani mwenyeji wa Katanga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Babu alipewa sululu siku ya kwanza, akaishika mpaka mapafu yakamwishia, na bado wanawe na wajukuu wake waliitwa wageni. Jambo hilo linanikera mpaka leo, wala sitaki kulificha. Kabla ya kuwa mwalimu Tata aliwahi kufanya kazi katika kituo kimoja cha utafiti wa mimea, na tangu wakati huo ugonjwa wa mihogo ulimkaa kichwani. Alitembea na lenzi mfukoni kama wengine wanavyotembea na tumbaku. Mama alikuwa akiwaambia wenzake kwamba waume zao wana pombe, wa kwake ana majani.

Pingili za muhogo haziuzwi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mtaa wetu. Mtu akivuna hukata mashina, huyafunga fungu na kumpelekea jirani, naye jirani hupokea kwa mikono miwili, kwa maana kukataa ni sawa na kusema kwamba mkono wa mwenzako una uchawi. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Mama Odile, mjane mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani, alipoona njaa inabisha hodi alipanda treni hadi Tenke kwa dada yake, akarudi na mafungu makubwa ya pingili. Alipita nyumba hata nyumba akigawa, jasho likimtiririka. "Mupande, bamama, mupande," alisema. "Njala haingojaka mutu." Watu walimbariki. Lakini mvua zilipokolea, majani mapya yalitoka yamejikunja, yana mabaka ya njano, madogo, yamepinda upande. Ukichuma kikapu kizima cha sombe, yaani kisamvu, unapata kiganja tu cha kitoweo, na ukichimba shina unakuta mizizi myembamba kama vidole vya mtoto. Waliotegemea bukari, ugali wa muhogo, walianza kutazamana.

Bustani yetu peke yake ilibaki kijani. Haikuwa bahati. Mama alikuwa amelipokea fungu la Mama Odile kwa mikono miwili na kushukuru kama inavyopasa, lakini Tata aliyatazama machipukizi yake kwa lenzi, akaona mabaka, akalichoma fungu lote nyuma ya nyumba. Sisi tulipanda pingili kutoka katika mihogo yetu wenyewe, ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiing'oa mara tu anapoona baka moja. Asubuhi kabla ya shule tulikuwa tukigeuza majani pamoja, tukitafuta nzi weupe wadogo wanaonyonya utomvu wa mmea mgonjwa na kupeleka ugonjwa kwa mmea mzima. Lakini mchukuzi mkubwa, aliniambia, si nzi bali ni mkono wa mtu, maana ukipanda pingili yenye virusi umepanda ugonjwa wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Tatizo ni kwamba moshi hauna siri. Watu waliuona, wakakumbuka, na mihogo yao ilipokunjamana wakajumlisha: Mkasai alikataa pingili zetu, zetu zimeugua, zake zimenawiri.

Wakati huo huo wanasiasa wa mkoa walikuwa wakipanda majukwaani na kusema Wakasai warudi kwao. Vijana walipita mitaani wakiimba kwamba sisi ni bilulu, yaani wadudu. Tata, aliyewaheshimu wadudu kuliko wanasiasa, alisema neno halichubui ngozi, ila fimbo walizoshika ndizo zilizomtia wasiwasi. Familia za mitaa mingine zilikwisha kufukuzwa, zikilala stesheni zikisubiri treni. Jumapili moja baada ya misa akaja mjomba wangu, kaka mkubwa wa Mama, karani mwenye shati lililopigwa pasi hata katika mwaka ule. Hakuketi. "Mudogo yangu," alimwambia Mama mbele yetu sote, "batu banasema bwana yako njo analoga mihogo. Acha aende kwabo. Weye na batoto mutabakia na siye." Mimi njaa sikuiogopa, nilikuwa nimeizoea. Nilichoogopa ni hicho tu, kwamba Tata atakatwa kutoka kwetu, sisi tubaki na mjomba na mashati yake.

Mjomba alipoondoka Mama alimsihi Tata awaambie watu pingili zilikotoka. Lilikuwa jambo rahisi, na lilikuwa kweli. Tata akasema, "Nikimutaja Mama Odile, kesho batamuchoma. Jina sitasema." Mama alikasirika, nami nilikasirika zaidi, kwa sababu sikuona kwa nini tufukuzwe sisi ili mjane wa jirani aendelee kucheka. Tata alituacha tukasirike. Alisema ataonyesha ugonjwa ni nini bila kuonyesha nani aliuleta, na asiyetaka kutazama shauri yake.

Aliomba nafasi uani kwa Mama Odile, mahali pa wazi, ili asije mtu akasema amefanya mambo kichinichini nyuma ya ukuta wake. Alipeleka mihogo michanga ya kwetu iliyopandwa katika makopo ya maziwa, yote mizima, akawaita majirani. "Muchague benyewe, mukate benyewe," aliwaambia. "Mi sitagusa kisu." Katekista wa mtaa ndiye aliyekata. Alichukua ncha za mihogo migonjwa ya watu, akazichonga ziwe kali upande wa chini, akazipachika katika mashina yaliyopasuliwa kidogo ya makopo kadhaa, akafunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Makopo mengine yalibebeshwa ncha zisizougua kutoka bustani yetu. Yote yalifunikwa kwa pazia jepesi ili nzi wasifike. Tata aliwaeleza kwa sauti yake ya darasani kwamba kama ni uchawi, mihogo yote ile ingepatwa na jambo moja, kwa kuwa yote imetoka kwa mchawi mmoja. Kama ni kitu kinachoishi ndani ya mmea, ingeugua ile tu iliyobebeshwa kichwa kigonjwa. Virusi vyenyewe hatungeviona, alisema, hata kwa lenzi yake, lakini tungeviona vikitembea.

Nadhani hakuna mihogo iliyowahi kutazamwa kama ile. Watu walipita kila siku kufunua pazia na kurudisha, mpaka Mama Odile akawa anawafokea. Baada ya wiki chache, chini ya maungio, mashina yaliyobebeshwa ncha gonjwa yalianza kutoa majani yaliyokunjamana, yenye mabaka yale yale ya njano. Yale mengine yalitoa majani mapana na laini. Katekista aliyatazama muda mrefu, akavua kofia. "Mwalimu, tumeona," alisema. Niliruka kwa furaha. Niliamini kwamba sasa imekwisha, tumeshinda, Tata atabaki. Mama Odile hakufurahi. Alikuwa amesimama kando ya makopo akitazama mikono yake, na nikajua kwamba hakuhitaji kutajiwa jina.

Vijana walikuja Jumamosi, wengi, na fimbo na mapanga. Aliyewatangulia alikuwa mwanafunzi wa Tata wa zamani, tena mzuri wa darasani. Tulikuwa nje, mtaa mzima umetoka. Kabla Tata hajafungua kinywa, Mama Odile alipita katikati yao na kanga yake ya kupikia, akasimama mlangoni kwetu. "Njo mi nilileta ile magonjwa," alisema. "Niliitoa ku Tenke, sikujua. Kama munatafuta mutu, muko naye." Hakuna aliyemgusa. Alikuwa mzaliwa wa nchi, na kumbe hawakumtafuta mtu wa namna hiyo. Yule mwanafunzi alimjibu kwa upole kabisa, na upole ule ndio nisiousamehe. "Mama, ikala, kaa kando. Mambo ya mihogo tulisikia. Siye tunataka nyumba." Basi. Nilikuwa mtoto lakini nilielewa. Jaribio lilikuwa sahihi, ila hakuna aliyekuwa ameuliza lile swali.

Mjomba alikuja mbio kutuchukua sisi watoto. Mama alikuwa akifunga sufuria ndani ya shuka, hakuinua hata uso. "Yaya, mi sitabakia," alimwambia kaka yake. "Bwana yangu akitoka, nyumba yote inatoka." Mjomba alitaja wazee, akataja ukoo, akataja laana, na Mama akaendelea kufunga. Tulitoka sote kwa mguu hadi stesheni, Tata mbele, kichwa juu, lenzi mfukoni. Tulilala pale na maelfu ya wengine, katika matope ya mvua, na treni ilipokuja ilikuwa ya mizigo. Kuna watoto niliocheza nao stesheni ambao walizikwa kando ya reli kabla hatujafika Mwene-Ditu, huko Kasai. Sisi tulifika wote. Huko tuliitwa watu wa Katanga, Kiluba chetu, lugha ya huko, kikachekwa, na Tata akafundisha chini ya bati lililotoboka, akapanda mihogo, akang'oa ile yenye mabaka. Alifia huko huko, ugenini, katika nchi iliyoitwa kwao. Mpaka mwisho aliamini kwamba mtu akionyeshwa ukweli vizuri, hatimaye huona haya.

Mimi nilirudi. Nilisoma kile alichokisoma yeye na zaidi, na kazi yangu sasa ni virusi vya mazao. Mama Odile, aliyezeeka lakini hajapunguza kicheko, alinisimulia kwamba juma lile lile tulipoondoka, vijana walikata bustani yetu yote na kugawa pingili, na kwamba mtaa mzima ulizipanda na kula misimu mingi. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Dilala ya leo imejaa pikipiki za teksi, na watu wanachimba kobalti hadi chini ya sakafu za nyumba zile za kampuni. Kile ambacho Tata alikingoja kwa wiki kadhaa chini ya pazia, mimi nakipata mara tu majani yakifika maabara: tunasaga jani, mashine inarudufu vinasaba vya kirusi mpaka visomeke, nasi tunakitambua ni kipi. Tunajua sasa kwamba ni jamii ya virusi, si kimoja, na kwamba viwili vikikutana ndani ya mmea mmoja huweza kuchanganyika na kuzaa ubaya mpya. Tunajua mengi. Msimu uliopita niliita mkutano wa wakulima hapa mtaani, kwa sababu mihogo imekunjamana tena, na mzee mmoja akasimama akasema, "Hii magonjwa inakuya na bale ba Kasai banashuka mu treni." Watu wakanigeukia, maana jina langu wanalijua ni la Kasai. "Na weye, dokta, uko wa wapi?"

Ningeweza kumweleza habari za babu na sululu yake. Ningeweza kuleta makopo nikaanza kuthibitisha, kama Tata. Nilimwambia, kwa heshima tunayompa kila mzee, "Niko wa hapa, tata. Lete majani yako," na akayaleta, akinung'unika. Baba yangu aliipima mihogo ili watu wamruhusu akae. Mimi nimekwisha kaa, na naipima kwa sababu inaumwa.